Mbegu ya jamii ya mikunde dhidi ya homa ya dengi: kilichoikuta selgosiviri Singapore

Kuanzia mwishoni mwa Julai 2012 hadi mwanzoni mwa Machi 2013, watafiti wa Singapore waliwachuja wagonjwa 69 walioshukiwa kuwa na homa ya dengi na kuwaingiza 50 kwenye jaribio la dawa. Bahati nasibu iliwaweka 24 upande wa dawa na 26 upande wa plasebo, yaani kapsuli zisizo na dawa. Dawa yenyewe, selgosiviri, hutengenezwa kutokana na kemikali iliyomo kwenye mbegu za mti wa jamii ya mikunde. Katika vyombo vya maabara ilikuwa imezuia aina zote nne za virusi vya dengi, na kwa panya ilikuwa imezuia vifo. Kwa binadamu haikushusha virusi wala homa kwa kiwango ambacho takwimu zingekitambua.

Jaribio hilo liliitwa CELADEN, na matokeo yake yalitoka mwaka 2014. Tangu hapo hutajwa harakaharaka kati ya dawa za dengi zilizoshindwa, pamoja na klorokwini na balapiraviri zilizojaribiwa Vietnam. Kushindwa ni kweli na hakuhitaji kupambwa. Lakini CELADEN ni kati ya majaribio machache ya dengi yaliyoacha vipimo vya kutosha kumwezesha mtu kufuatilia kasoro ilianzia wapi: kiasi cha dawa kwenye damu, virusi siku kwa siku, na hali ya kinga ya kila mgonjwa. Ukivifuatilia unakuta kwamba jumla ya dawa haikuwa ndogo. Kilichokosewa ni saa. Dawa ilikaa juu kwenye damu kwa saa chache mno, na ilianza kutolewa wakati ugonjwa umeshafika mbali.

Mbegu na kilichomo ndani yake

Mti ni Castanospermum australe. Asili yake ni pwani ya mashariki ya Australia, Queensland na New South Wales, pamoja na Vanuatu na Kaledonia Mpya. Ni mti mkubwa wa msituni, lakini ukiona tunda lake hutauliza ni wa jamii gani: ni ganda nene na gumu, na ndani yake mna mbegu chache kubwa za rangi ya kahawia. Wenyeji wa asili wa Australia walizila baada ya kazi ndefu ya kuzikata vipande vyembamba, kuzilaza kwenye maji yanayotiririka, kisha kuzichoma. Hatua ya maji ndiyo iliyookoa maisha, kwa sababu sumu yake huyeyuka majini. Mbegu ambayo haikupitia hatua hiyo husababisha kutapika na kuharisha kukali, na ng'ombe hufa kwa kuila. Kwa hiyo lolote linalosemwa hapa kuhusu dawa lisichukuliwe kuwa linahusu kula mbegu.

Sumu hiyo ilitengwa mwaka 1981 na kuitwa kastanospemini. Ni alkaloidi ndogo, fomula yake C8H15NO4, uzito wa molekuli 189.2. Kuitoa kwenye mbegu kunategemea tabia zake mbili: inapenda maji, na ina atomu ya nitrojeni inayobeba chaji chanya penye asidi. Mbegu husagwa na kulowekwa kwenye mchanganyiko wa ethanoli na maji. Kioevu huchujwa na kupitishwa kwenye resini inayonasa chaji chanya. Sukari za kawaida hazina chaji hiyo, kwa hiyo hutoka na maji ya kuoshea, na kastanospemini hubaki imenaswa mpaka inapoachiliwa kwa amonia hafifu. Mwisho hufanywa fuwele.

Kinachoharibu kazi hii ni ndugu zake. Mbegu hizohizo zina 6-epikastanospemini, inayotofautiana nayo kwa mwelekeo wa kundi moja tu la haidroksili, na pia australini. Resini haizibagui vizuri. Asiyethibitisha usafi anapima mchanganyiko akidhani anapima kemikali moja, na namba anazopata haziwezi kulinganishwa na za mtu mwingine. Tatizo hili liko kwenye tafiti nyingi zinazoripoti nguvu ya dondoo la mbegu fulani dhidi ya virusi bila kusema ndani ya dondoo mna nini na kwa kiasi gani.

Wafugaji wa Queensland walikutana na kemikali hii kwa njia nyingine kabisa. Ng'ombe walikuwa wakipimwa kimeng'enya cha alfa-glukosidasi kwenye damu ili kuwabaini wanaobeba ugonjwa wa kurithi wa Pompe, ambao hushusha kimeng'enya hicho. Ng'ombe wazima waliokuwa wamekula mbegu za mti huu walitoka na kiwango cha chini, wakaonekana wabebaji wa ugonjwa wasiokuwa nao. Tukio hilo linaonyesha jambo litakalorudi baadaye: kemikali hii haichagui kimeng'enya kimoja tu mwilini.

Inavyofanya kazi ndani ya seli

Virusi vya dengi havina kiwanda chao. Protini zake tatu muhimu, prM, E na NS1, hutengenezwa na seli ya mtu kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, na humo hubandikwa mnyororo wa sukari 14: glukosi 3, manosi 9 na N-asetiliglukosamini 2. Kimeng'enya alfa-glukosidasi I hukata glukosi ya kwanza. Alfa-glukosidasi II hukata ya pili, na baadaye ya tatu. Katikati, protini ikiwa imebakiwa na glukosi moja tu, hushikwa na kalneksini na kalretikulini, ambazo huisaidia kujikunja katika umbo sahihi.

Kastanospemini ina umbo linalokaribiana na glukosi, ila nitrojeni imekaa ndani ya pete. Vimeng'enya hivyo huishika kwa nguvu na kushindwa kuendelea na kazi. Glukosi zote tatu zikibaki, protini haishikwi na kalneksini, inajikunja vibaya na kukwama ndani ya seli. Mwaka 2000 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kwa dengi athari hii hupiga hatua za mwanzo za kuunganisha virusi vipya. Watafiti wa Singapore walionyesha mwaka 2011 kwamba NS1 nayo hujikunja vibaya na kurundikana.

Faida ya kulenga kimeng'enya cha seli badala ya kimeng'enya cha virusi ni kubwa. Virusi hubadilika haraka, lakini haviwezi kubadilisha jeni za mtu. Hasara yake ni kwamba protini za mtu mwenyewe hupita njia hiyohiyo. Isitoshe, utumbo una vimeng'enya vya jamii hiyo vinavyovunja sukari ya chakula; vikizuiwa, sukari hubaki utumboni, bakteria huichachusha, na mgonjwa hujaa gesi na kuharisha.

Je, mtu anaweza kuishi bila alfa-glukosidasi I? Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za ndugu wawili waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Walikuwa na matatizo mazito ya ukuaji na kingamwili chache mno kwenye damu, hali ambayo kwa kawaida humwacha mtu akiugua ovyo. Lakini hawakuwa wakisumbuliwa na maambukizi ya virusi kama ilivyotarajiwa, na seli zao zilitoa virusi hafifu vya HIV na mafua. Hatujui ushahidi mwingine wa kibinadamu unaofikia huo kwa uzito: shabaha ni ya kweli. Swali ni kama kidonge kinaweza kuizima vya kutosha, kwa siku chache, bila kumdhuru mtu.

Njia hadi kwa wagonjwa

Kastanospemini ilianza kuonekana kuzuia HIV mwaka 1987. Ilikuwa na udhaifu mmoja wa wazi: kwa kuwa inapenda maji, hupenya kwa shida utando wa seli wenye mafuta. Wanakemia wakaibandika kundi la butanoili, kipande kinachopenda mafuta, kwenye nafasi ya 6, na hiyo ndiyo selgosiviri, yenye uzito wa molekuli 259.3. Ikajaribiwa kwa HIV, kisha kwa hepatitisi C. Haikuishia kuwa dawa ya ugonjwa wowote kati ya hiyo, lakini ilikuwa imeshamezwa na watu na usalama wake ulijulikana, jambo lililofupisha safari ya kuifikia dengi.

Mwaka 2005 watafiti wa St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya kastanospemini yenyewe. Kwenye seli za ini za Huh-7, kiasi cha kuzuia nusu ya maambukizi ya dengi aina ya 2 kilikuwa karibu maikromola 1 (kipimo cha wingi wa kemikali kwenye kioevu). Kwenye seli za BHK-21, za figo za hamsta, kilikuwa karibu maikromola 86. Msomaji aishike tofauti hiyo ya zaidi ya mara 80, maana ni virusi vilevile na kemikali ileile, seli tu ndizo zilizobadilishwa. Panya walioambukizwa walipona kwa wingi kwa dozi za miligramu 10, 50 na 250 kwa kilo kwa siku. Virusi vya homa ya manjano vilizuiwa kwa nguvu ndogo zaidi, na virusi vya West Nile havikuathirika, ingawa vyote ni vya jamii moja na huenezwa na mbu. Dawa inayolenga seli ya mtu haiwi moja kwa moja dawa ya virusi vyote vya mbu.

Singapore ndipo selgosiviri ilipopimwa kwa kina. Kwenye seli, nusu ya dengi ilizuiwa kwa maikromola 0.2 hadi chini kidogo ya 0.7, kutegemea aina. Kwa panya, miligramu 50 kwa kilo mara mbili kwa siku ziliwakinga na kifo. Mwaka 2012 kikundi hichohicho kilichapisha jambo ambalo kwa maoni yetu lilistahili uzito zaidi kuliko lilivyopewa: miligramu 100 kwa kilo zikitolewa kwa mkupuo mmoja kwa siku ziliwakinga panya kidogo kuliko miligramu 50 mara mbili. Jumla ni ileile. Mgawanyo ndio ulioleta tofauti.

Jaribio lenyewe

Mgonjwa aliingizwa CELADEN akiwa mtu mzima mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, homa ikiwa na chini ya saa 48, na dengi ikiwa imethibitishwa kwa kipimo cha protini NS1 au cha jeni za virusi (PCR). Alianza kwa miligramu 400, kisha miligramu 200 kila baada ya saa 12, dozi 9 kwa jumla. Hiyo ni miligramu 2,000 za selgosiviri, sawa na takriban miligramu 1,460 za kastanospemini baada ya kundi la butanoili kung'oka mwilini.

Je, dozi hiyo ilikuwa ndogo ukilinganisha na ya panya? Tuihesabu. Dozi ya panya kwa kilo hugawanywa kwa 12.3 kupata dozi inayokaribiana nayo kwa binadamu. Miligramu 100 kwa kilo kwa siku huwa kama 8, na kwa mtu wa kilo 60 ni karibu miligramu 490 kwa siku. CELADEN ilitoa 400 kwa siku baada ya dozi ya mwanzo. Pengo lipo, lakini si la kueleza kushindwa kote.

Vipimo vikuu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni wastani wa kushuka kwa virusi kwenye damu siku ya 2, 3 na 4, kwa kipimo cha logi, ambapo logi 1 ni kushuka mara 10. Cha pili ni mzigo wa homa: eneo lililo juu ya nyuzi 37 kwenye grafu ya joto kwa saa 96.

Virusi vilishuka kwa logi 1.86 kwa waliopata dawa na 1.64 kwa waliopata plasebo. Tofauti ni logi 0.22 kwa faida ya dawa, na mpaka wa uhakika wa asilimia 90, yaani eneo ambamo tofauti halisi huenda imo, unaanzia logi 0.65 kwa faida ya dawa hadi 0.22 kwa hasara yake. Mzigo wa homa ulikuwa 54.92 kwa dawa na 40.72 kwa plasebo. Ukigawanya kwa saa 96, waliomeza dawa walikuwa wastani wa nyuzi 0.57 juu ya 37, na wenzao 0.42. Madhara yalifanana katika makundi yote mawili.

Namba ya homa isirukwe. Mpaka wa uhakika wa tofauti ya makundi, 2.16 hadi 26.25, uko wote upande wa hasara. Wanaoitetea selgosiviri huzungumzia virusi na kunyamazia homa. Huenda ni mgawanyo wa bahati katika kundi dogo, kwa kuwa homa hutofautiana sana kati ya mgonjwa na mgonjwa, na dawa za kuishusha huichafua grafu. Lakini hakuna kwenye data hiyo kinachomruhusu mtu kusema dawa ilipunguza homa.

Saa 12 ni ndefu kwa dawa ya saa 2.5

Mwaka 2016 zilichapishwa hesabu za kiasi cha dawa kwenye damu za wagonjwa haohao. Selgosiviri iligeuka haraka kuwa kastanospemini. Wastani wa kilele ulikuwa nanogramu 5,727 kwa mililita, yaani maikromola 30.2. Wastani wa kiwango cha chini kabla ya dozi inayofuata ulikuwa nanogramu 430, yaani maikromola 2.3. Nusu-uhai wake, muda wa kiasi kilichomo kwenye damu kupungua kwa nusu, ulikuwa saa 2.5.

Hapa pana mtego wa kwanza. Namba ya maabara iliyosifiwa zaidi, maikromola 0.2, ni ya selgosiviri ikimiminwa moja kwa moja juu ya seli. Kundi la butanoili liliwekwa ili kuisaidia kupenya. Lakini kwa mgonjwa kundi hilo limeshang'oka, na kinachozifikia seli kwa saa nyingi ni kastanospemini isiyopenya vizuri. Kulinganisha maikromola 2.3 za kwenye damu na 0.2 za maabara na kusema dawa ilizidi mara kumi ni kulinganisha kemikali mbili tofauti. Kipimo cha haki zaidi ni kile cha kastanospemini yenyewe, maikromola 1 kwenye Huh-7, na hata hicho ni cha seli moja iliyo rahisi kuzuiwa.

Mtego wa pili ni neno nusu. Kuzuia nusu ya uzalishaji wa virusi ni kushusha logi 0.3 tu. Wagonjwa wa plasebo walishuka logi 1.64 bila msaada wowote. Ili dawa ionekane juu ya mteremko huo inapaswa kuzuia asilimia 90 au zaidi, na kuendelea hivyo mchana na usiku. Kwa hesabu rahisi, ikichukuliwa kwamba dawa na kimeng'enya vinashikana moja kwa moja, asilimia 90 huhitaji mara 9 ya kiasi cha nusu. Hiyo ni maikromola 9. Ukianzia kilele cha 30.2 na kupunguza kwa nusu kila saa 2.5, unafika 9 baada ya kama saa 4 na nusu. Saa zilizobaki hadi dozi inayofuata, karibu 7, mgonjwa yuko chini ya kiwango hicho, na mwishoni, kwa maikromola 2.3, kizuizi ni kama asilimia 70.

Hayo ni kwa seli zinazofanana na Huh-7. Kwa seli zinazofanana na BHK-21, hata kileleni dawa ingezuia kama robo tu. Kwa mtu, dengi hukaa zaidi kwenye seli za kinga ziitwazo monosaiti, makrofaji na seli za dendriti, na hizo ndizo zinazopaswa kutoa namba ya kupangia dozi.

Data ya wagonjwa inaunga mkono picha hii kwa kiasi. Kushuka kwa virusi hakukuhusiana na jumla ya dawa iliyopita kwenye damu. Kulionyesha mwelekeo wa kuongezeka kwa wale ambao kiwango chao cha chini kilikuwa juu zaidi. Ni mwelekeo, si uthibitisho, lakini unakwenda upande uleule ulioonekana kwa panya wa mwaka 2012. Wachambuzi wakaonyesha kwa modeli kwamba dozi zikipangwa upya, kiwango cha chini kinaweza kupanda mara 2.4 hadi 4.5 huku jumla ya dawa ikiongezeka kwa asilimia 13 hadi 33 tu. Weka hilo kwenye hesabu yetu: 2.3 mara 4.5 ni zaidi ya maikromola 10, na hapo kizuizi cha asilimia 90 hakivunjiki saa yoyote.

Virusi vinavyoshuka vyenyewe

Mtu hung'atwa na mbu, na homa huja siku 4 hadi 10 baadaye. Virusi huanza kuonekana kwenye damu kabla ya homa, hufika kilele katika siku zake za mwanzo, kisha huporomoka kadiri kinga inavyoamka. Mgonjwa hasubiri kilele ili aende hospitali. Huenda baada ya kuona homa haitulii, apimwe, majibu yatoke, aridhie kuingia kwenye jaribio. Hata kwa kanuni ya saa 48, ambayo ni kali, wengi huanza dawa wakiwa juu ya mlima au wameshaanza kushuka.

Zaidi ya hapo, selgosiviri haiui virusi vilivyokwisha kutoka. Inachozuia ni kutengenezwa kwa vipya vilivyo sawasawa. PCR nayo huhesabu jeni za virusi, iwe kirusi kina uwezo wa kuambukiza au hakina. Dawa ya aina hii ingeweza kuvifanya virusi viwe hafifu bila PCR kuona sana. Watafiti walilichunguza hilo kwa kuhesabu pia virusi hai kwa mabaka kwenye tabaka la seli, na katika siku nne za kwanza vipimo viwili vilikwenda pamoja. Kwa hiyo mlango huo wa kutorokea umefungwa, na ni sifa kwa waliopanga kazi kwamba waliufunga wenyewe.

Kinga ilikuwa na nguvu kuliko dawa. Waliokuwa na dengi kwa mara ya pili walisafisha virusi haraka kuliko wa mara ya kwanza, na tofauti hiyo ilikuwa dhahiri kitakwimu bila kujali kapsuli. Kuwachanganya watu hao kwenye wastani mmoja ni kuongeza kelele juu ya ishara iliyo ndogo tayari.

Na kundi lilikuwa dogo. Kwa mtawanyiko uliopatikana na watu kama 25 kila upande, hesabu ya kawaida inasema jaribio lingeweza kuitambua kwa uhakika wa kutosha tofauti ya kama logi 0.65, yaani virusi pungufu zaidi ya mara nne. Dawa inayopunguza kwa nusu ingepita bila kuonekana. Hilo halimaanishi kwamba ilipunguza kwa nusu. Linamaanisha CELADEN iliondoa uwezekano wa athari kubwa, na kuuacha wazi uwezekano wa athari ndogo.

Panya alionyesha nini hasa

Panya wa kawaida hawaugui dengi inavyopaswa. Kwa binadamu, protini NS5 ya virusi huharibu STAT2, kiungo muhimu cha ishara za interferoni, protini zinazoamsha ulinzi wa mwili dhidi ya virusi. STAT2 ya panya haiharibiwi, na virusi hufukuzwa. Ndiyo maana hutumiwa AG129, panya wasio na vipokezi vya interferoni za alfa, beta na gama. Hawa huugua na kufa, lakini kinga yao haifanani na ya mtu. Kwao virusi hupanda bila kusukumwa, dawa huonekana peke yake, na saa ya maambukizi inajulikana kwa dakika.

Katika kazi ya 2012, tiba iliyoanza saa 48 baada ya kuambukizwa bado ilisaidia. Lakini saa 48 baada ya sindano si saa 48 baada ya homa. Ya kwanza ni kabla au karibu na kilele. Ya pili, kwa mtu, mara nyingi ni baada yake. Baada ya CELADEN, kikundi cha Singapore kilirudi kwa panya na kupima dengi aina ya 1 na ya 2 kwa kuchelewesha tiba na kubadili ratiba. Dozi mara nne kwa siku ilifanya vizuri zaidi, na kadiri tiba ilivyochelewa ndivyo faida ilivyopungua. Majibu hayo yangepatikana kabla ya mgonjwa wa kwanza, jaribio lingepangwa tofauti.

Kama ingejaribiwa tena

Kwa wagonjwa, ratiba ya kila saa 6 ndiyo ya kuanzia, na damu ichukuliwe kabla tu ya dozi, si kileleni, kwa kuwa kiwango cha chini ndicho kinachoamua. Dozi ya usiku wa manane isiachwe kwa mgonjwa aliyelala. Pengo la saa 12 kwa usiku mmoja linarudisha tatizo lilelile. Wagonjwa wa mara ya kwanza na wa mara ya pili watenganishwe kwa kipimo cha IgG, kingamwili za maambukizi ya zamani, siku ya kuingia, kabla ya bahati nasibu, na aina ya virusi ijulikane. Kipimo kikuu kisiwe virusi peke yake. Kwa wagonjwa wa mara ya pili waliomeza selgosiviri, kiwango cha chini kabisa cha chembe sahani na badiliko la hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) vilielekea kuwa vizuri kidogo, ingawa takwimu hazikuthibitisha. Hivyo ndivyo vinavyomhusu daktari anayehofia kuvuja kwa plazima siku ambayo homa inashuka.

Njia nyingine ni kuitoa kabla ya homa, kwa watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa aliyethibitishwa. Mbu wa Aedes aegypti huuma mchana, ndani na kando ya nyumba, na haruki mbali, kwa hiyo wanaokaa na mgonjwa wamo hatarini kwa siku hizo. Hapo dawa ingevikuta virusi vichache na njia nzima ya kupanda iko mbele. Kikwazo ni kwamba mtu mzima wa afya hatavumilia tumbo lililojaa gesi na kuamka usiku kumeza kapsuli kwa ugonjwa ambao huenda asiupate. Kinachohitajika kwanza ni umbo la dawa linaloachia polepole, au molekuli mpya ya jamii hiyohiyo inayokaa mwilini kwa saa nyingi na kuvihurumia vimeng'enya vya utumbo, ipimwe kwenye makrofaji za binadamu kabla ya kumgusa panya.